Bibi wa timu mbili: siku Kinyala walipocheza fainali na Ikuti, nami sina pa kukaa

Wakuu wa jukwaa, habari za huko mliko. Walionizidi umri shikamooni, ingawa nadhani humu ndani tuko wachache. Mlio chini yangu, marahaba, nimeshaitikia wote kwa pamoja.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na nne, niko Rungwe. Shule niliishia darasa la nne, na simu naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi zikipishana mnivumilie. Lakini haya ninayoandika yametokea. Nilikuwepo kwa miguu yangu, tena mengine nimeyasababisha mimi.

Niwataje kwanza waliokuwepo uwanjani Kiwira siku hiyo, maana mimi mkasa bila majina ya watu siuwezi.

Alikuwepo Ambakisye, mdogo wangu wa tumbo moja. Huyu ni wa Ikuti, nyumbani nilikozaliwa.

Alikuwepo Lusajo, mjukuu wa Ambakisye, kipa wa Ikuti. Ananiita bibi, na ni bibi yake kweli.

Alikuwepo Gwamaka, mtoto wa mwanangu Lugano, straika wa Kinyala. Huyu nimemlea mwenyewe tangu ananyonya kidole.

Alikuwepo Mama Atupele, mwenyekiti wa washangiliaji wa Kinyala. Ni mtu wa Singida, ameolewa kwetu, ana duka pale senta. Sauti yake haihitaji spika.

Alikuwepo refa, kijana mmoja mrefu kutoka Tukuyu mjini, anaitwa Ipyana.

Na alikuwepo mkwe wangu. Huyu ni mdogo wake baba mkwe wangu marehemu, mzee anayekaribia miaka tisini. Jina lake nalijua vizuri sana, ila siliandiki. Wenyeji mmeshaelewa. Wageni subirini, nafika huko.

Sasa tuendelee.

Mimi nina timu mbili. Ya kwanza ni Ikuti. Nikiwa msichana nilikuwa nabeba majani ya migomba kwenda uwanjani, wachezaji wakalie wakati wa mapumziko. Ambakisye alikuwa winga wa kushoto, ana mbio, ila akili ya mpira alikuwa hana. Hata yeye anajua.

Ya pili ni Kinyala. Nimeolewa huko na marehemu Asegelile, na Asegelile ndiye aliyeanzisha timu ya Kinyala na wenzake wanne: Andendekisye, Mwalimu Aliko, Kajuni na Daudi wa kwa Mchungaji. Wote wametangulia mbele za haki isipokuwa Daudi.

Asegelile alipofariki, vijana wa timu walikuja nyumbani na gunia. Ndani kuna jezi. Wakasema, "Bibi, mzee ndiye alikuwa anazitunza. Sasa zitunze wewe."

Ni jezi kumi na sita. Nafua Jumatatu, naanika kwenye ua wa chai, Jumamosi vijana wanakuja kuzichukua. Najua namba nne imechanika kwapani, na namba kumi na moja ina doa la parachichi ambalo halitoki hata uliloweke siku mbili.

Mnaweza kuona ni kazi tu ya kufua. Lakini nyumba yangu ni ya mtu mmoja na nusu, mimi na Gwamaka, na Gwamaka hakai nyumbani. Jumamosi zile ndizo siku ninazopika mbalaga, ndizi zetu za kwetu, sufuria kubwa. Vijana wanakula ndizi, wanabishana, mmoja anakarabati mlango, mwingine ananielekeza simu. Humu jukwaani nimeingizwa na namba sita.

Kwa hiyo mtu akiniambia nirudishe jezi, hajaniambia habari ya nguo.

Miaka yote timu zangu hizi mbili zilikuwa zinapangwa makundi tofauti, na nikienda kulala namshukuru Mungu kwa hilo. Mwaka huu zikakutana. Tena fainali ya kombe la tarafa. Zawadi ng'ombe dume, na mshindi anakwenda kuiwakilisha tarafa Tukuyu.

Ambakisye alinipigia simu siku hiyo hiyo.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

"Jumapili unakaa na sisi. Wewe ni mtoto wa Ikuti. Huko Kinyala ulikwenda kuolewa tu."

"Nimekwenda kuolewa miaka hamsini na mbili, Ambakisye. Hata mgeni anakuwa ameshazoea."

Akacheka, lakini nikajua amesema kweli yake.

Sasa nifike kwenye jambo la mkwe, maana hapo ndipo kisa kilipo.

Kwa sisi Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hakutani uso kwa uso na mkwe wake wa kiume. Hali naye, hamtaji jina, na akimwona njiani anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Si ugomvi, ni heshima. Na mzee naye ana wajibu wake: akikaribia mahali ulipo anakohoa, upate muda wa kujificha.

Wasichana wa siku hizi wanakaa na wakwe zao kochi moja wanaangalia tamthilia, na sijaona aliyepata madhara. Siwasemi vibaya. Ila mimi nilifundishwa hivyo na mama, na mwili umeshazoea. Nikisikia kikohozi cha mzee yule, miguu inaondoka kabla sijaamua.

Uwanja wa Kiwira una pande mbili. Kinyala wanakaa upande wa migomba. Mkwe wangu hakosi mechi, anabebewa kiti chake cha kamba, anakaa mbele kabisa. Basi mimi siwezi kukaa huko.

Miaka yote nimekuwa nakaa upande wa barabara, katikati ya washangiliaji wa wapinzani, naishangilia Kinyala peke yangu. Wapinzani wananizomea, nami nawazomea. Vijana wetu walidhani nafanya makusudi kuwakera watu. Walikuwa wanasema, "Bibi ana roho ngumu huyo!" Sikuwahi kuwasahihisha.

Lakini safari hii watakaokaa upande wa barabara ni Ikuti.

Mama Atupele akaitisha kikao. Mimi sikwenda, kwa sababu mzee alikuwepo. Gwamaka akaja kunieleza, anaangalia chini.

"Bibi, Mama Atupele amesema Jumapili kila mtu akae upande wake. Atakayekaa kwa Ikuti, arudishe kitu cha timu alichonacho."

"Na nani mwingine ana kitu cha timu zaidi yangu?"

Gwamaka akakohoa. "Kuna mpira kwa Tumpale."

"Tumpale anakaa kwa Ikuti?"

"Hapana."

Wakuu, sikulala vizuri. Ningeweza kumwita Mama Atupele nikamweleza. Lakini ningeanzaje? Mambo ya mkwe huyatoi kwenye kikao, na yeye ni mtu wa Singida, mambo haya hayajui. Na Gwamaka ndiye angejua, ila vijana, kitu wakikiona kila siku hawakioni tena.

Nikapata akili, nikajiona mjanja sana. Nitasimama nyuma ya goli! Nyuma ya goli si kwa Kinyala wala si kwa Ikuti. Nitajifunika khanga vizuri, mzee yuko mbali, kila mtu ataridhika.

Jumapili tulitoka kanisani, nikala haraka, nikapanda lori la viazi na akina mama wa Kinyala mpaka Kiwira. Njia nzima Mama Atupele anaimbisha nyimbo na ananitazama. Tulipofika nikashuka nikaelekea golini. Akaniita.

"Bibi, huku!"

"Nakuja," nikasema. Uongo huo niliutubu Jumapili iliyofuata.

Mechi ikaanza. Kulikuwa na manyunyu na ukungu kidogo, kama kawaida yetu.

Sasa, ule ujanja wangu ulikuwa na shimo. Nyuma ya goli kuna kipa! Na kipa wa upande nilioenda alikuwa Lusajo.

"Shikamoo bibi," akasema, mpira uko mbali.

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Bibi, kuna mechi."

Nikanyamaza. Nilijitahidi sana. Dakika zikaenda, kila timu inashambulia. Lusajo akapangua shuti mbili za Gwamaka, nami nikashikilia mdomo kwa mikono yote miwili, maana sijui nishangilie aliyepiga au aliyepangua.

Karibu na mapumziko nikaangalia chini, nikaona kamba ya kiatu cha Lusajo imefunguka. Inaburuzika kwenye tope. Mimi nimelea watoto saba na wajukuu sijui wangapi. Nikiona kamba ya mtoto imefunguka, mdomo haungoji ruhusa.

"Lusajo! Funga kiatu, utaanguka!"

Na Lusajo, kwa kuwa ni mtoto aliyefundishwa kumsikia mkubwa, akainama.

Hapo hapo Gwamaka akapiga kutoka mbali.

Bao.

Jamani. Upande wa migomba walilipuka, akina mama wakakimbia mpaka ndani ya uwanja. "Bibi hoyee! Bibi hoyee!" Wanadhani nimepanga! Na upande wa barabara nikasikia sauti moja ninayoijua tangu ananyonya.

"Dadaaa! Umetuuza!"

Lusajo alikuwa bado ameinama, kashika kamba. Hakunilaumu. Aliniangalia tu, kisha akaenda kuutoa mpira wavuni. Afadhali angenitukana.

Sikuvumilia. Niliingia uwanjani. Ndiyo, mimi. Nilikwenda moja kwa moja kwa refa Ipyana.

"Mwanangu, hilo bao si haki. Mimi ndiye nimemwinamisha."

"Bibi, toka uwanjani."

"Nitatoka, lakini ulifute kwanza."

"Bao ni bao, bibi. Hakuna sheria ya bibi."

Sasa Kinyala waliokuwa wanaimba jina langu wakasikia kwamba naomba bao lao lifutwe. Nyimbo zikakatika. Mama Atupele akasimama mstarini, mikono kiunoni.

"Bibi! Kumbe ni Ikuti damu damu! Kesho jezi zetu!"

Niligeuka nimjibu. Na kugeuka kule ndiko kulinimaliza, maana nyuma ya Mama Atupele, hatua kama ishirini, kuna kiti cha kamba. Na kwenye kiti, mkwe wangu. Ananitazama mimi, mzima mzima, katikati ya uwanja, khanga imeteleza mabegani.

Hakuna mgomba katikati ya uwanja, wakuu. Nilipiga magoti pale pale kwenye duara, nikajifunika khanga kichwa hadi miguu, nikawa kama furushi.

Watu wakapiga kelele. "Bibi amezimia! Bibi amezimia!"

Nikasikia mbio zinakuja. "Sijazimia!" nasema, lakini ndani ya khanga nani anasikia? Vijana wawili wa huduma ya kwanza wakanimwagia maji ya ndoo. Maji ya Kiwira mnayajua yalivyo baridi. Gwamaka analia, "Bibi, bibi," Lusajo naye kaacha goli lake kaja, kanishika mguu huu, mwenzake kanishika ule, wanataka kuninyoosha, nami nakataa kunyooshwa.

Aliyeniokoa ni Ambakisye. Yule yule niliyemuuza. Nilisikia viatu vyake vya mvua vinakuja, halafu nikasikia anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Mwacheni! Hajazimia huyo. Amemwona mkwe wake!"

Mikono ikaniachia miguu.

"Nyie Kinyala," akasema, na sasa hacheki, "dada yangu mnamwonea. Miaka yote hii anakaa upande wa maadui anawashangilia, mlidhani anapenda? Mzee wenu amekaa huko mbele. Mlitaka akae naye bega kwa bega? Mmelelewa wapi?"

"Hakusema," nikamsikia Mama Atupele, kwa mara ya kwanza ana sauti ya kawaida.

"Angesemaje, mama? Amtaje?"

Nikachungulia kwa upenyo mdogo wa khanga. Mzee alikuwa ameshageuza kiti, ametupa mgongo, anaangalia migomba. Tangu nilipopiga magoti aligeuza. Wakati wengine wote wananimwagia maji, yeye peke yake ndiye aliyeelewa.

Refa akapuliza mapumziko, nadhani kwa sababu hakujua la kufanya.

Ambakisye na vijana wakanirudisha nyuma ya goli, nimelowa, natetemeka. Nikasema moyoni basi, jezi zimekwenda. Nikaanza kufikiria Jumamosi bila sufuria kubwa.

Ndipo nikaona kitu ambacho watu wa Kiwira mpaka leo wanakisimulia.

Mkwe wangu alisimama. Akashika fimbo. Akaonyesha kiti, kijana mmoja akakibeba. Mzee akaanza kutembea, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Hakupita upande wangu. Alizunguka goli la mbali, huku anakohoa kwa nguvu njia nzima ili nijue alipo. Akafika upande wa barabara. Akapita katikati ya Ikuti, watu wanampisha. Kiti kikawekwa mbele, kati ya wazee wa Ikuti, akakaa.

Kabla hajaondoka, akiwa bado ametupa mgongo, alikuwa ameshamwambia Mama Atupele maneno mafupi. Nilikuja kuambiwa baadaye. Alisema, "Mwambieni mke wa mtoto wetu akae hapa, ndipo kwao. Mimi nitakuwa ng'ambo."

Mzee yule, shabiki mkubwa kuliko wote wa Kinyala, akaangalia kipindi kizima cha pili akiwa amezungukwa na vuvuzela za Ikuti.

Mama Atupele alikuja kunichukua mwenyewe. Alinivua khanga iliyolowa, akanivika ya kwake kavu, akanishika mkono. Nikakaa upande wa migomba kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa. Nikaona uwanja ule kumbe huku unateremka kidogo. Miaka hamsini na mbili sikujua!

Kipindi cha pili Ikuti wakasawazisha kwa kona. Moja moja mpaka mwisho. Yakaja matuta ya penalti.

Matuta sitayaeleza yote, moyo wangu hauna nguvu hizo. Ilifika mahali Ikuti wanaongoza kwa moja, na limebaki tuta la mwisho la Kinyala. Anayepiga ni Gwamaka. Golini Lusajo.

Akina mama wote wa Kinyala wakashikana mikono, nami nimo katikati. Wao wanaomba bao. Mimi niliomba mpira upite juu ya goli uende kule kwenye viazi, isiwe kosa la huyu wala ushujaa wa yule.

Gwamaka akapiga kushoto kwake. Lusajo akaruka kulia kwake, huko huko. Akaudaka mzima.

Na mimi, wakuu, nisameheni, nilipiga kigelegele. Kirefu. Kilitoka chenyewe, cha mtoto wa Ikuti, katikati ya akina mama wa Kinyala waliokuwa wamenyamaza kama msibani.

Wote wakanigeukia. Nikaziba mdomo, tayari kigelegele kimeshafika barabarani.

Halafu nikamwona Gwamaka kakaa chini pale kwenye tuta, kichwa magotini, nikaanza kulia. Kwa hiyo niliwahi kushangilia na kulia ndani ya dakika moja, khanga ni ile ile. Lusajo hakwenda kushangilia na wenzake. Alimwinua ndugu yake kwanza.

Ambakisye alipita pale kabla hatujapanda lori.

"Dada, njoo Ikuti tule ng'ombe."

"Niletee mguu."

"Mguu kwa kazi gani? Nitakuletea kwato."

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni sina kazi. Beseni limekauka. Nikamwona Mama Atupele anapanda kilima na gunia begani, anahema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Ungeniambia tu, bibi. Mimi ningejuaje?"

"Usingejua. Kosa langu."

Akatua gunia. Akakaa.

"Lakini kile kigelegele."

"Nilipiga," nikasema.

"Katikati yetu."

"Katikati yenu."

Basi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. "Zifue," akasema. "Jumapili tuna mechi ya kirafiki." Na akakaa akala ndizi zangu mpaka saa nne, duka limefungwa.

Alipoondoka nikamimina gunia. Tope tupu. Nikahesabu, kumi na sita. Lakini namba tisa haimo, na katikati kuna moja ya kijani, ya mikono mirefu, si yetu.

Nikamwita Gwamaka. "Hii ya nani?"

"Tulibadilishana na Lusajo. Kama kwenye tivii."

Kwa hiyo namba tisa ya Kinyala iko Ikuti, inafuliwa na wifi yangu, na ninajua hasuuzi vizuri. Nami nikafua ya kipa wa Ikuti. Ilikuwa na tope kuliko zote, hasa upande wa kulia. Nikaianika uani pamoja na zile kumi na tano, wachuma chai wanapita wananiuliza, "Bibi, umesajili?" Nawajibu ndiyo.

Nilichojifunza wakuu, kupenda timu mbili si dhambi. Nilikosea kunyamaza na kujifanya mjanja nyuma ya goli. Kama kuna jambo la kwenu ambalo mgeni halijui, mwambie mapema, au umtume mtu akamwambie. Na makipa, kamba mfunge mara mbili.

Nawasikiliza. Nani mwingine aliwahi kuona timu zake mbili zinapambana, na alikaa wapi?

Na mliokuwepo Kiwira siku ile, kama kuna jina nimelikosea au mtu nimemsahau, nirekebisheni hapo chini. Bao la Ikuti la kusawazisha mimi nasema alifunga Anyosisye, mtoto wa Subilaga fundi cherehani. Gwamaka anang'ang'ania ni mdogo wake Anyosisye, yule Gwakisa. Mimi nilikuwa nimevaa khanga ya mtu mwingine na macho yana machozi, inawezekana nimekosea. Aliyeona vizuri aseme.